Kaa Aliyenigombanisha na Mama Mkwe

Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, yuko mnyama ambaye wataalamu humsifu kuwa ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa nchi kavu, yaani wadudu, buibui, nge na kaa wengine, na ambaye mimi, kwa sababu nitakazozieleza, siwezi kumsifu kwa lolote. Huyo ni kaa wa nazi. Akikomaa huweza kufikia kilo 4, na miguu yake ikitandazwa hukaribia mita 1. Hupanda miti, hupasua nazi kwa magando yake, na huishi miongo kadhaa, kwa hiyo yule aliyeniibia huenda alikuwa amenizidi umri na kwa adabu za kwetu nilipaswa kumwamkia shikamoo kabla ya ugomvi wowote kuanza.

Nilikuwa nimelala katika banda la makuti lililo wazi upande wa baharini, na kando ya kitanda nilikuwa nimeweka kikapu cha ukili chenye halua, ambayo mama mkwe wangu wa Dodoma alikuwa ameiagiza kwa msisitizo usioruhusu kusahau. Halua hiyo ilinukia iliki, zafarani na samli. Kaa huyu ana vipapasio vinavyonasa harufu ya chakula hewani, kwa namna inayokaribiana na ile ya wadudu, na sina shaka kwamba tangu magharibi alikuwa msituni akisubiri tu nizime taa.

Usiku wa manane nilisikia kitu kikikwaruza sakafu. Nilipowasha tochi, nilikiona kikapu changu kikiondoka kinyumenyume, bila haraka, kwa utulivu wa mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Nikakidaka mkono mmoja, naye akakaza. Watafiti wa Japani waliochapisha vipimo vyao mwaka 2016 walionyesha kwamba gando la kaa wa nazi hubana kwa nguvu kuliko kiganja cha binadamu. Mimi nililithibitisha hilo nikiwa nimejifunga kikoi, ambacho katikati ya mvutano kiliamua kutoshiriki tena.

"Bwana, usimvute," alisema mlinzi aliyekuja mbio kwa kelele zangu, akielekeza taa yake pembeni ili kunisitiri. "Ukivuta, na yeye hukaza. Mwache achoke."

Nilipendekeza tumtupe baharini. Mlinzi alishtuka, akanieleza kwa subira kwamba kaa huyu huanza maisha majini, na akiwa mdogo hujistiri ndani ya gamba la konokono, lakini akishakua hupumua hewa na akizamishwa hufa. Tena kisiwa hiki ni hifadhi tangu mwaka 1994, na anayehifadhiwa ni yeye. Nilimwuliza anayemhifadhi mgeni ni nani. Hakunijibu.

Aliyechoka wa kwanza ni kikapu. Kilichanika katikati, halua ikamwagika, na kaa akajichagulia donge kubwa kuliko yote, akalipeleka gizani. Mabaki yalikuwa yamechanganyika na mchanga, nami niliyakusanya kwa mikono, kisha nikajifuta kwa kile kikoi, kwa kuwa hakikuwa na kazi nyingine usiku ule.

"Mama, halua imechukuliwa na kaa," nilimweleza mama mkwe nilipofika Dodoma, baada ya kumwamkia kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao.

"Kaa huyo ana miguu mingapi?"

"Kumi, Mama, tukihesabu na magando."

Alinyamaza, kisha akamwagiza binti yake afungue begi langu. Mke wangu alikitoa kikoi, akakisogeza puani, akampitishia mama yake. Mama mkwe alikinusa mara moja tu, akakikunja vizuri, na bila kunitazama akauliza kama kaa wa huko kwenye visiwa nao hujifunga vikoi.