Mnaona Bei, Hamwoni Kitanda

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bila shaka na nyie imewafikia: michoro ya ajabu iliyouzwa kwa mamilioni. Mmojawapo ni *Drown* wa Njideka Akunyili Crosby, yule Mnaijeria mzaliwa wa Enugu anayeishi Los Angeles. Mtu kaandika chini yake, "Hata mwanangu wa chekechea anabandika picha." Vicheko, vikaragosi, mwingine kaongeza kwamba wazungu wana hela za kuchezea, na huyo mchoraji ni tapeli aliyewapiga.

Haya, mleteni huyo mtoto wa chekechea. Mpeni asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha. Azilaze picha kifudifudi juu ya karatasi, azilowanishe, azisugue mgongoni mpaka wino uhame. Zinatoka zimegeuka, kushoto kumekuwa kulia, tena zimefifia. Njideka anafanya hivyo picha kwa picha, kutoka albamu za kwao na magazeti ya Naijeria: maharusi, wanamuziki, wanajeshi waliotawala. Zinajaa ukutani, kwenye zulia, mpaka kwenye ngozi ya watu. Humo ndani anajichora yeye na mumewe, Mmarekani mweupe, wamekumbatiana.

Wachambuzi wengi wanaishia kusema "mchanganyiko wa tamaduni mbili". Sentensi ya kadi ya mwaliko hiyo! Mimi naona kitu kinachouma zaidi. Huyu anayelala ubavuni mwako hakuwahi kukaa sebuleni kwenu, hakuchapwa na mwalimu wako, hajui ni nani aliyechekesha msibani kwa babu. Utamsimulia mpaka kuche. Atakachopata ni hicho hicho cha asetoni: kimefifia, kimegeuka, nusu ya sura hazijulikani ni za nani. Na bado anakumbatia. Amemshika mke aliyejaa watu ambao yeye hawezi hata kuwasalimia kwa majina. Nionyesheni mchoro mwingine wa mapenzi uliothubutu kusema hivyo bila kulialia.

Na wala msijifanye hamjui mambo haya. Huku kwetu tunatumia mkasi. Fungua albamu ya shangazi yeyote aliyeachika: yeye kavaa gauni la mabega mapana, anatabasamu, na pale alipokuwa mume pana tundu. Ila mkono umebaki begani kwake, na saa yake, kwa sababu ukiukata huo unamkata na shangazi mwenyewe. Picha haijachomwa, haijatupwa. Imerudishwa kwenye albamu, na mgeni akija anaonyeshwa.

Mama yake Njideka ni marehemu Dora Akunyili, aliyewakosesha usingizi wauza dawa feki kule Naijeria. Alifariki 2014. Sura yake ilichapwa kwenye vitambaa, kama vitenge vyetu vya kampeni, na binti akaingiza kitambaa hicho kwenye kazi zake. Vya kwetu vinaishia kupigia deki.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kwenye simu kazi hizi hazionekani. Karatasi zenyewe nyingi zinazidi mita 2, na klipu inakupa watu wawili na rangi tu. Nakubali pia kwamba nyingine zimesongamana mpaka jicho linachoka.

Lakini hilo la hela, hapana. *Drown* aliuchora 2012. Mwaka 2016 ukauzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 1, na aliyeuuza si yeye. Sheria ya Marekani haimpi msanii fungu lolote kazi yake inapouzwa tena mnadani. Faida ilikwenda kwa aliyekuwa nao. Kwa hiyo wale mnaomwita tapeli aliyewapiga wazungu, mtafuteni aliyeuza mkamtukane yeye.