Kuzikwa na Miguu Miwili

Juzi, chini ya turubai la msiba, mzee mmoja wa ukoo wetu alimwambia dada yangu: "Shukuru Mungu, mwanangu. Angalau umemzika mtoto mzima, na miguu yake yote miwili." Waliokaa karibu waliitikia. Dada alikuwa ameuficha uso kwenye kanga, sijui kama alisikia. Mimi nilisikia, na tangu siku ile silali vizuri.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 16. Goti lilianza kumuuma mwezi wa pili, tukasema ni mpira. Akakandwa kwa maji ya moto. Akapelekwa kwa fundi wa viungo, akakandwa tena kwa mafuta huku ameuma kitambaa asipige kelele. Goti likazidi kuvimba. Maumivu yalimwamsha usiku wa manane, na hilo peke yake lingetosha kutushtua, maana goti la mpira huuma uwanjani, likitulia kitandani. Eksirei ilipigwa mwezi wa sita. Kikachukuliwa kinyama cha kupimwa maabara, majibu yakarudi: osteosakoma, saratani ya mfupa, ncha ya chini ya mfupa wa paja. Kifua kilikuwa bado safi. Daktari akatueleza mpango: dawa za dripu kwanza, kisha mguu ukatwe juu ya goti, kisha dawa tena.

Ukoo ulilisikia neno moja tu, "ukatwe". Kikao kilikaa Jumamosi, Jumapili mtoto akatolewa wodini. Baba zake wadogo walisema kuna mahali wanaokoa mguu, wanaweka chuma, tuchange. Tulichanga miezi mitano. Tuliporudi hospitali alikuwa anahema akiwa amekaa tu, na picha ilionyesha mapafu yote mawili yameshaingiliwa. Siku hiyo hakuna aliyetaja tena habari za mguu.

Nasema "tulichanga" kwa sababu na mimi nilichanga. Nilituma pesa yangu nikaona nimetimiza wajibu.

Saratani hii hupenda kukaa karibu na goti, kwa vijana walio kwenye umri wa kurefuka, lakini haiui kwa goti. Inaua kwa mapafu. Mbegu zake hupita kwenye damu mapema, nyingine kabla hata uvimbe haujaonekana. Zamani, kabla ya miaka ya 1970, wagonjwa walikatwa miguu na bado wengi walikufa ndani ya miaka michache. Waliopona walikuwa kama mmoja kati ya watano. Zilipokuja dawa, hesabu ikageuka: leo, pale ugonjwa haujasambaa na matibabu yamekamilika, karibu wawili kati ya watatu wanapona. Hao hawakuponywa na kisu peke yake, wala na chuma. Kwa hiyo miezi mitano tuliyokuwa tukitafuta chuma ilikuwa miezi mitano bila dawa. Tukihangaika kuuokoa mguu, tuliuachia ugonjwa mapafu yake.

Na hilo la kuokoa mguu au kukata, kipi kinampa mtu maisha marefu zaidi? Lilishapimwa. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 227 kutoka hospitali 26, wote na ugonjwa kama wa mpwa wangu, mahali palepale pa mfupa wa paja. Wapo waliookolewa mguu, wapo waliokatwa juu ya goti, wapo waliokatwa hadi kwenye nyonga. Urefu wa maisha yao haukutofautiana. Waliobaki na mguu waliutumia vizuri zaidi kiasi, lakini walirudi chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi.

Neno "kuokoa" ndilo linalotudanganya. Ukisikia upande mmoja wanaokoa na upande mwingine wanakata, nani atachagua kukatwa? Lakini mguu uliookolewa si ule uliozaliwa nao. Mfupa wenye ugonjwa unaondolewa pamoja na nyama safi inayouzunguka, kunawekwa chuma au mfupa wa kupandikiza. Chuma hulegea. Huvunjika. Hushika usaha, na usaha ukikaa kwenye chuma huenda mguu ukakatwa vilevile baada ya miaka ya mateso. Mtoto ambaye bado anarefuka atahitaji chuma cha kurefushwa naye. Anayekaa safari ya siku nzima kutoka kwenye hospitali ya kumfanyia hayo, aulizwe kwanza atarudije.

Nakubali, uvimbe ukiwa haujazingira mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, daktari bingwa yupo, chuma kipo na dawa hazijakatika, mguu uokolewe. Mkono ndio kabisa, maana mkono bandia haukuni kichwa wala haufungi kifungo kama ule wa kuzaliwa. Na kinyama kichukuliwe na yule atakayefanya operesheni, au kwa maelekezo yake, kwa sababu njia ya sindano iliyopita pabaya inaweza kupeleka mbegu kwenye nyama safi, mguu uliofaa kubaki ukaondoka.

Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kwa ugonjwa huuhuu. Mwaka 1980 alikimbia siku 143 kwa mguu bandia, kilomita 5,373, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Kilichomsimamisha barabarani ni mapafu. Ugonjwa ulikuwa umerudi huko, na mwaka uliofuata alifariki, hajatimiza 23.

Sina haja ya kwenda Kanada, hata hivyo. Mtaani kwetu yupo mama fundi cherehani aliyekatwa mguu akiwa msichana. Akianza kazi huvua mguu bandia na kuuegemeza ukutani, kiatu kikiwa bado kimevaliwa, kisha anakanyaga kwa mguu uliobaki. Soksi ya kigutu huifua kila jioni na kuianika peke yake, kwani ikibaki na jasho ngozi inachubuka na siku ya pili havai kitu. Amesomesha watoto watatu kwa kanyagio lile. Nilimuuliza kilichomuuma zaidi, nikidhani atasema kisu. Akasema, "Mwanangu, kabla ya operesheni hakuna aliyenionyesha mguu bandia. Hakuna aliyeniletea mtu mwenye mguu mmoja nimwone anatembea. Walinipa karatasi nitie dole gumba."

Na sisi tulipewa karatasi. Daktari wetu alisema kweli tupu, ila aliisema kwa dakika tano, amesimama, mtoto akisikiliza. Hakutuambia mguu bandia unapatikana wapi, kwa pesa gani, wala kama mvulana wa kidato cha pili atarudi shule. Ukoo ukienda kikaoni na neno "kukatwa" tu, utarudi na jibu la woga, na woga ule si ujinga. Ningekuwa na amri, fomu ya ridhaa isingeletwa kitandani kabla yule mama, au mwenzake, hajaingia wodini na mguu wake akaketi na mzazi.

Mzee wa msibani sina chuki naye. Alitafuta cha kumpa mama aliyefiwa, akatoa alichonacho.

Jana jirani yangu aliniambia binti yake wa miaka 13 ana goti linalomwamsha usiku, wiki ya tano sasa, na kesho wanampeleka kukandwa. Huenda si kitu. Nimemwomba mkandaji asiguse. Jumatatu tunapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, mimi, mama yake na yeye, tukapige picha ya goti.