Simba wa Ukutani na Mjusi wa Tendaguru

Katika shule moja ya chekechea hapa Mtwara mjini, Simba wa kwenye katuni amechorwa ukutani karibu na mlango wa darasa. Fundi alimchora kwa rangi iliyokuwepo: manyoya ya shingoni mekundu kama tofali la kuchoma, macho ya kijani kilekile cha madirisha. Pua yake imefutika. Iko usawa wa mkono wa mtoto wa miaka minne, na asubuhi kila anayefika huigusa kwanza ndipo avue viatu na kuingia. Upande wa pili wa mlango yupo panya mwenye masikio ya duara, na rangi yake bado nzima. Hakuna anayemgusa.

Simba huyo ananijia kichwani kila ninaposikia mjadala ambao umeshika kasi vijiweni na kwenye shughuli zetu, hasa msimu wa korosho fedha zinapoanza kuingia. Kwa nini Mtwara au Lindi isiwe na bustani kubwa ya watoto yenye vijiji vya katuni, kama zile tunazoziona kwenye simu? Wengine wanasema huo ndio utalii wa leo na watoto wa Kusini wanastahili kama watoto wa kwingine. Wengine wanasema tutakuwa tunamjengea Mmarekani duka kwa jasho la mkulima wa korosho, heri tujenge kwa hadithi zetu wenyewe. Nimewasikiliza wote kwa muda, na kila upande umeshika jambo la kweli.

Kwanza tujue kinachozungumzwa. Disneyland, bustani ya kampuni ya Kimarekani ya Disney, ilifunguliwa California Julai 1955, na tangu siku hiyo ilikuwa na eneo lililotokana na filamu za katuni za kampuni hiyohiyo. Zamani eneo moja lilichanganya filamu nyingi, kila moja na bembea yake. Siku hizi filamu moja hujengewa mji mzima. Mwaka 2012, huko huko California, ilifunguliwa Cars Land: barabara, gereji, mikahawa, na nyuma yake milima ya kuigiza ya miamba myekundu, ili mtoto akiwa ndani asione kitu chochote kisichokuwa cha kwenye filamu. Hong Kong ikafungua kijiji cha Frozen Novemba 2023, Shanghai ikafungua mji wa wanyama wa Zootopia mwezi uliofuata, na Juni 2024 Tokyo ikafungua eneo la filamu tatu lililogharimu yeni bilioni 320 hivi.

Watu hawalipi kiingilio kwa ajili ya saruji iliyopakwa rangi. Mtoto anafika pale akiwa tayari anajua nyumba ni ya nani, nani aligombana na nani, na mlango upi hautakiwi kufunguliwa. Hadithi imeshamkaa moyoni miaka miwili mitatu kabla hajafika getini. Hilo tulishike, maana hoja zote zinazofuata zinarudi hapo.

Wanaotaka bustani ya katuni wana haki kubwa kuliko wanayopewa. Watoto wetu wana bahari, wana mchanga, wana mabibo wakati wa msimu, lakini mahali palipojengwa kwa ajili yao tu ni pachache mno. Kuna uwanja mmoja wa watoto ninaoufahamu ambako bembea zimebaki minyororo mitupu. Vibao vya kukalia vilioza, na watoto sasa hujifunga minyororo kiunoni ili wapate kupembea. Siku ya Idi ukienda kwenye viwanja vya sikukuu utaona foleni ya watoto waliovaa nguo mpya, shilingi imeloa jasho kiganjani, wakisubiri zamu ya bembea ya mbao inayosukumwa na vijana wawili kwa mikono. Mzazi anayesema “jengeni kitu, hata kama ni cha Simba” anazungumzia foleni ile. Siwezi kumwambia amekosea.

Tena Simba ana udugu na sisi. Filamu yake ya mwaka 1994, The Lion King, imejaa maneno yetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki. Pumbaa kapewa jina la mtu aliyepumbaa, na fisi Shenzi nadhani sina haja ya kueleza. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbele barabarani jua likiwa kali. Mtoto wa Ohio kule Marekani anayatamka majina haya kama sauti tu. Wetu anajua maana yake. Kwa hiyo mtu akisema Simba ni wa kigeni kabisa, namkatalia.

Lakini udugu ni kitu kimoja na umiliki ni kingine. Kampuni ya Disney ilipata usajili wa maneno “Hakuna Matata” kama alama ya biashara kwenye nguo nchini Marekani mwaka 2003, na watu wengi wa Afrika walipokuja kulitambua jambo hilo mwaka 2018 walikasirika. Huku kwetu kwa kweli tunasema “hamna shida”, ila maumivu yalikuwa yaleyale: neno limetoka pwani ya Afrika Mashariki na limesajiliwa ng'ambo. Mchoro wa ukutani shuleni haujamletea mwalimu kesi. Siku utakapoweka geti, ukakata tiketi na kuuza fulana zenye sura hiyo, hapo unagusa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na hakuna benki wala mwekezaji makini atakayetia fedha mahali pasipo na kibali. Na kibali kina bei. Bustani ya Disney ya Tokyo ni mali ya kampuni ya Kijapani, Oriental Land, na mpaka leo kampuni hiyo hulipa Marekani mrabaha wa kutumia majina na sura zile. Japani, pamoja na utajiri wake, inalipa. Sisi tutalipa kutoka wapi?

Upande wa mapato ndio unaonipa hofu zaidi. Bustani za namna hii huishi kwa watu wanaoingia kila siku, na fedha ya Kusini haiji kila siku. Minada ya korosho huanza Oktoba, mkulima akalipwa kupitia chama chake, na kwa miezi michache maduka, bodaboda na kumbi za harusi hupumua. Kufika Aprili mfuko umeshakauka. Watalii wanaofika Mtwara kwa mwaka mzima ni wachache, na kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 za barabara. Ongeza chumvi. Yeyote mwenye geti la chuma Shangani, hapa hapa Mtwara, anajua upepo wa bahari unavyokula bawaba. Bembea ya mashine inayobeba watoto ishirini haivumilii bawaba iliyoliwa, na matengenezo yake hayasubiri msimu.

Kuna jambo jingine ambalo nilipolijua lilinikaa kooni. Kule Florida, ndani ya Disney's Animal Kingdom, kuna mji wa kuigiza unaoitwa Harambe, uliofunguliwa pamoja na bustani hiyo mwaka 1998. Umejengwa kwa mfano wa miji ya Waswahili, Lamu ukiwa mojawapo. Kuta zimefanywa kwa makusudi zionekane kuukuu: lipu iliyobanduka, rangi iliyofifia, nyufa zilizochorwa kwa mkono wa fundi hodari. Watu hupanda ndege kwenda kupiga picha penye nyufa hizo. Nenda Mikindani, nenda Kilwa Kivinje, uone nyumba zetu za mawe ya matumbawe ambazo lipu yake inabanduka kweli, mvua ya masika ikishuka na kipande, mvua ya mwakani na kipande kingine. Nimeweka mkono kwenye ukuta mmoja wa Mikindani na chokaa ikaniachia unga mweupe mpaka kwenye kiwiko. Anayesema tuige bustani ya Marekani ajue kwamba Marekani imeshatuiga sisi, na kile walichokiiga tunakiacha kianguke.

Ndiyo maana upande wa pili, wa wanaotaka hadithi zetu, unanivuta. Kwa Lindi hadithi ipo tayari, na ni kubwa kuliko filamu nyingi. Kilomita 60 hivi kutoka Lindi mjini kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 iliyopita, hao ambao sisi tumezoea kuwaita mijusi. Mamia ya watu wa huku walichimba, wakafunga mifupa, wakaibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, njaa yake ikikumbukwa na kila aliyekuwa hai. Mjusi mkubwa kuliko wote anasimama leo kwenye makumbusho ya Berlin, mita 13.27 kwenda juu, na watoto wa Kijerumani huinua shingo kumtazama. Msimamizi mmoja wa uchimbaji ule, Boheti bin Amrani, ana dinosaria aliyepewa jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Ni watoto wangapi wa Lindi wanaolijua jina la Boheti? Bungeni mjusi ameulizwa zaidi ya mara moja. Darasani haulizwi.

Hata hivyo sitaki kuupamba upande huu kupita kiasi. Animal Kingdom yenyewe ilikuwa na eneo la dinosaria, na bembea yake kubwa ilipewa jina la filamu ya katuni ya dinosaria ya mwaka 2000. Januari 2025 sehemu za kwanza za eneo hilo zilianza kufungwa ili kupisha eneo jipya litakalokuwa na familia ya kwenye filamu ya Encanto. Mifupa peke yake haikutosha; filamu ile haikuwakaa watoto moyoni kama hizi za sasa. Tukimwaga zege la mjusi Lindi kesho bila mtoto kumjua mjusi, baada ya miaka mitano litakuwa gofu la kufugia mbuzi. Na si kila kilicho chetu ni cha kukatia tiketi. Nimesikia kijana akipendekeza mapiko ya Kimakonde, vile vinyago vinavyovaliwa kwenye ngoma, yawe ndio “wanasesere wetu wa kusalimia watoto getini”. Mapiko yana wenyewe, yana jando na unyago nyuma yake, na yana mambo yasiyosemwa mchana. Wazee waulizwe, na wakikataa iwe imekwisha.

Mfano unaonipa matumaini uko Japani, na hauna mashine za kutisha. Ghibli Park, bustani ya filamu za katuni za studio ya Ghibli, ilifunguliwa Novemba 2022 katika mkoa wa Aichi, kwa ushirikiano wa serikali ya mkoa na studio iliyotengeneza filamu zenyewe. Iko ndani ya bustani ya umma iliyokuwepo, na hawakukata msitu ili kuipisha. Watu hutembea kwa miguu. Kivutio kimojawapo ni nyumba ya mbao ya watoto wawili wa kwenye filamu, iliyojengwa mwaka 2005, ambapo mgeni anaruhusiwa kufungua droo na kukuta nguo zimekunjwa ndani. Hakuna kingine kinachotokea. Mtoto anafungua droo, anaona nguo za mtu anayempenda, anafunga taratibu. Kitu cha namna hiyo Kusini tunakiweza: mwembe wenye kivuli, seremala, mhunzi, mchoraji.

Tusichokuwa nacho bado ni filamu. Na hapo naona hesabu yetu imeanzia mwisho. Tangu mwaka 2014 katuni ya Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, na watoto wa hapa huimba nyimbo zake za hesabu bila kulazimishwa, kwa hiyo hakuna wa kusema Watanzania hawawezi katuni. Fedha za kujenga geti na bembea za mashine zingeanza kwenye vipindi vya mjusi wa Tendaguru, Boheti akiwemo, wabebaji wakiwemo, na vikaoneshwa kila chekechea kuanzia Kilwa hadi Newala. Zile bembea za minyororo mitupu zitiwe vibao wiki hii hii; hilo halihitaji filamu. Ukuta wa Mikindani upakwe chokaa kabla ya masika. Bustani ije baadaye, watoto wenyewe watakapokuwa wanaidai kwa majina ya wahusika.

Nilijaribu kwa mkono wangu, kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa Lindi kwa ndugu, na bahari ilipokupwa nikachukua kijiti na kumchora mjusi mchangani, hatua zaidi ya ishirini kutoka pua hadi mkia. Watoto saba wakaja, kisha wakawa kumi na kitu. Mmoja akalala ndani ya mguu wake apime. Akaenea na nafasi ikabaki.

“Mjomba, alikuwa anakula nini?”

“Majani ya juu kabisa ya mti.”

“Yuko wapi sasa hivi?”

“Ujerumani.”

“Nani alimpeleka?”

Nikamwonesha bandari. Nikamwambia babu zetu walimbeba vichwani mpaka pale, meli ikamchukua. Akakaa kimya akiitazama bandari, kisha akauliza kama walimbeba kichwa kwanza au miguu kwanza.

Maji yalijaa usiku yakafuta kila kitu. Kesho yake yalipokupwa nilipita tena nikakuta wamemchora wao wenyewe, shingo imepinda kukwepa mtumbwi uliopandishwa mchangani, miguu mitano. Pembeni yake, mdogo kwa kulinganisha lakini mwenye masharubu marefu, walikuwa wamemchora Simba.