Popo wa maduarani: tuwafukie, tuwafukuze au tuwaache?

Januari 20, 2025 Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi, umethibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera. Ilikuwa mara ya pili ndani ya miaka miwili. Machi 2023 ulizuka Bukoba Vijijini, ukawapata watu tisa na kuua sita. Safari hii, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, walikuwa wamekufa watu 10. Biharamulo inapakana na Chato, Chato na Geita, na ukivuka Busisi unakaribia Mwanza mjini. Kwa hiyo sishangai kusikia huku kwetu hoja hii: ugonjwa unaletwa na popo, basi popo wauawe, na mapango na maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, wanamolala yafukiwe yote.

Anayesema hivyo si mjinga. Ana watoto, na ana ndugu wanaoshuka shimoni kila siku kutafuta dhahabu Nyarugusu na Rwamagasa. Hoja yake inastahili kupimwa kwa haki. Shida yangu nayo inaanzia mahali padogo tu, kwamba inazungumzia "popo" utadhani ni mnyama mmoja.

Hapa kandokando ya Ziwa Viktoria tunao wengi. Wale wa kwenye miembe, wanaopiga kelele na kugombea matunda usiku, ni wengine. Wale wanaolala kwenye dari na kuchafua ubao kwa mkojo na kinyesi, mara nyingi ni popo wenye mkia uliochomoza, wanaoweza kutambaa na kupenya upenyo mwembamba chini ya bati. Anayebeba virusi vya Marburg kwa asili ni popo mla matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus, mwenye macho makubwa na uso wa mbwa. Halafu wapo popo wa kiatu cha farasi, jenasi Rhinolophus. Hawa wanalala katika mapango, miamba yenye uvungu na mashimo ya migodi iliyoachwa. Ukifukia duara la zamani, hawa nao unaweza kuwazika humo humo, ingawa hukuwakusudia.

Mtazame mmoja kwa karibu. Ananing'inia peke yake hewani kwa vidole vya miguu, mbawa amezifunika mwilini. Miguu yake ya nyuma ni dhaifu, hawezi kutambaa vizuri, ndiyo maana anahitaji mlango mpana wa kupita akiruka na si ufa wa bati. Usoni ana nyama iliyokunjamana yenye sehemu tatu: chini bamba lililopinda kama kiatu cha farasi, katikati kinundu kinachochomoza, na juu ncha iliyochongoka. Masikio hayatulii. Moja linakwenda mbele huku lingine likirudi nyuma, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata.

Nyama ile ya pua si pambo. Popo wengi hutoa sauti kwa mdomo, huyu huitoa kwa matundu ya pua, na bamba lile huielekeza mbele. Ni sauti tusiyoisikia. Sikio la binadamu hukomea kwenye kilohezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 20 hivi, ilhali popo mkubwa wa kiatu cha farasi wa Ulaya anapiga karibu kilohezi 80, na mdogo wake anapita 100. Sauti hiyo ni ndefu na ya kiwango kimoja, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Umewahi kusikia honi ya bodaboda inavyopanda ikikujia na kushuka ikishakupita. Popo akiruka kuelekea kwenye mwamba au mdudu, mwangwi humrudia ukiwa umepanda vivyo hivyo. Sikio lake limeundwa kusikia kiwango kimoja kwa usahihi wa ajabu, kwa hiyo yeye hushusha sauti anayotoa, kwa kiasi kile kile, ili mwangwi urudi pale pale sikio linapousikia vizuri. Mtafiti wa Kijerumani Hans-Ulrich Schnitzler alilionyesha jambo hili mwaka 1968. Nondo akipiga mbawa katikati ya majani yanayotikisika, mwangwi wake unatetemeka kwa namna yake, na popo anamtofautisha na majani yote yale gizani.

Spishi zake zinazojulikana zimepita 100, na orodha inaongezeka. Wameenea Afrika, Ulaya, Asia hadi Japani na mashariki mwa Australia. Mabara ya Amerika hawapo kabisa, wala Madagaska. Kwetu Afrika ya Mashariki kazi ya kuwatambua haijafika mbali. Mwaka 2000 tu ndipo ilipotangazwa spishi mpya kutoka korongo la mto Mkulumuzi karibu na Tanga, ikaitwa Rhinolophus maendeleo, kwa Kiswahili hiki hiki. Mwaka 2013 zikatangazwa mbili kutoka milima ya mashariki ya Kongo. Na katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, Rhinolophus hilli alikuwa hajaonekana tangu 1981, watu wakadhani ametoweka, hadi alipokamatwa tena 2019. Maji ya mashariki ya Nyungwe yanaingia mto Kagera na kuishia katika ziwa hili hili. Ukanda wetu uko katikati ya eneo ambalo wataalamu bado wanakuta viumbe wasio na jina. Kuna uwezekano wa kweli wa kufukia kitu kabla hakijajulikana kuwa kilikuwepo.

Sasa nirudi kwa mwenye hofu, maana ana silaha nzito kuliko anavyojua. Popo wa kiatu cha farasi ndio makao ya asili ya kundi la virusi vya korona walimo ndugu wa SARS. Hilo lilianza kujulikana 2005, baada ya mlipuko wa 2002 na 2003, kwa popo wa China, na virusi vilivyo karibu zaidi na kile cha UVIKO-19 vimepatikana kwa Rhinolophus wa Yunnan na Laos. Jamaa wa virusi hivyo wamekutwa pia kwa popo wa Kenya, Uganda na Rwanda, yaani kwa majirani zetu. Virusi hivyo vya kwetu, kwa jinsi vilivyopimwa, havishiki seli za binadamu kama vile vya Asia, lakini maabara zimeonyesha kwamba mabadiliko machache yanaweza kuvipa uwezo huo. Na hata Marburg haiwaachi popo hawa nje kabisa. Huko Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, ambako watu 128, wengi wao wachimbaji wa dhahabu na jamaa zao, walikufa kati ya 1998 na 2000, chembe za vinasaba vya virusi hivyo zilikutwa kwa popo wala matunda na pia kwa Rhinolophus eloquens.

Anayewatetea popo akikwepa habari hizi, asishangae watu wakiacha kumsikiliza.

Upande wa pili una mizani yake. Popo wa kiatu cha farasi hawali matunda wala kunyonya damu. Wanakula nondo, mbawakawa, kumbikumbi. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu anamjua funza wa vitumba, na wa mahindi anajua alivyohangaishwa na viwavijeshi vamizi tangu walipoingia nchini. Wote wawili ni watoto wa nondo wa usiku. Huko Texas, Marekani, utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria kwamba popo katika wilaya nane za pamba wanamwokolea mkulima kama dola 741,000 kwa mwaka. Sitaki kuutumia mfano huo kupita uzito wake, kwa kuwa popo wale ni wa jamii nyingine, wanaoishi kwa mamilioni, na Texas si Kwimba. Lakini mwelekeo ni ule ule. Kila nondo jike aliyeliwa kabla hajataga ni mayai yasiyofika kwenye jani, na dawa ambayo mkulima hakulazimika kununua.

Kilichonifanya niegemee upande mmoja, hata hivyo, si pamba. Ni mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg humo. Mwaka uliofuata wenye mgodi waliamua kuwamaliza popo wote, maelfu kwa maelfu, na kuziba milango. Popo wachache walirudi. Watafiti waliporudi kuwapima 2012, baada ya Marburg kuzuka tena wilayani Ibanda, umbali usiofika hata safari ya nusu siku, walikuta walioambukizwa ni kama asilimia 13, wakati kabla ya mauaji walikuwa kama asilimia 5. Maelezo yenye mashiko ni kwamba pango tupu huvuta popo wapya, wengi wao wachanga wasio na kinga, na virusi vikasambaa kati yao kwa urahisi. Kwa hiyo hata kwa yule anayejali afya ya watu peke yake, bila kumhurumia popo hata mmoja, kuua hakukumpa alichokitafuta.

Na popo wa kiatu cha farasi si wa kurudi upesi. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Wa Ulaya wamewahi kuishi zaidi ya miaka 30, na jike huanza kuzaa akiwa na miaka miwili, mitatu au zaidi. Kiumbe anayeishi hivyo akipigwa mara moja, kundi lake huchukua miaka mingi kujijaza.

Lakini kuacha kuua si sawa na kuacha mashimo wazi. Hapa nawapa haki wanaotaka yafukiwe. Duara lililochoka dhahabu huachwa likiwa mdomo wazi kwenye nyasi, mita kadhaa kutoka njia ya shule. Ng'ombe wanatumbukia, na watoto pia. Mvua ikinyesha linakuwa bwawa la mbu. Lililo karibu na nyumba au shule lifukiwe, na popo asiwe kisingizio cha kulichelewesha mwaka mzima. Inatosha kulitazama jioni mbili tatu jua linapozama. Kama wanatoka popo, subirini watoto wao waweze kuruka, kisha tundikeni turubai mlangoni linaloruhusu kutoka na kuzuia kuingia, mfukie wakishahama.

Yaliyo mbali na makazi ni habari nyingine. Uingereza na Marekani migodi ya namna hiyo hufungwa kwa vyuma vya kulala, nafasi ya takribani sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, mtu asipite na popo apite. Kwetu chuma hicho hakitamaliza mwezi kabla hakijafika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tusidanganyane. Ua mnene wa minyaa, kama tunaozungushia maboma Usukumani, utazuia ng'ombe na mtoto na kumwachia popo anga juu ya mdomo wa shimo. Hauibiki, na mche wake ni wa bure.

Anayebaki bila kinga ni mchimbaji mwenyewe, anayerudi kwenye duara la zamani kwa sababu bei ya dhahabu imepanda. Durba na Kitaka, waliotangulia kuugua walikuwa watu kama yeye. Elimu ya Marburg inayotolewa vijijini inasema usile popo, usiguse popo. Yeye hali wala hagusi, anavuta hewa na kushika kuta zilizolowa kinyesi chao kwa saa nane. Kwake ujumbe ni mwingine: duara lililokaa miaka bila mtu na lenye popo usilishukie. Na ukimlazimu asishuke, mwonyeshe pengine pa kuchimba.

Hilo linahitaji mtu anayeweza kusimama mdomoni mwa shimo jioni na kusema wanaotoka ni popo gani. Maofisa madini hawafundishwi hivyo, na wa wanyamapori hawana kazi migodini. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapa hapa Mwanza. Sampuli za kinyesi kutoka maduara ya Geita na Sengerema zinaweza kukusanywa na watu waliovaa kinga, bila kuua popo yeyote, na zikapimwa kabla ya mtu kupewa kibali cha kufukia au cha kuchimba upya.