Sikunywa kulanti, iliniingia mdomoni

Simu haijatulia tangu jumamosi. Mama kanitumia voisi kutoka Tanga, "mwanangu nasikia umekunywa maji ya rejeta, kwani huko hamna maji?" Nikajua shemeji keshamaliza kazi. Grupu la ukoo wetu, grupu la Watanzania wa Winnipeg huku Kanada, mpaka lile grupu la harusi iliyopita zamani, kote kapeleka video. Haya, sasa mwenye aibu aseme mwenyewe.

Yalinikuta nikijifungia hita ya injini kwenye gari langu. Nyie wa nyumbani mtauliza hita ya injini ya nini. Huku ikifika digrii 30 chini ya sifuri oili inakuwa uji wa muhogo uliolala, unapiga stata gari linakohoa mara mbili linanyamaza. Ndo maana magari ya huku yanachomekwa kwenye umeme kama pasi, waya unaning'inia puani, na pakingi ya kazini kwetu kila nafasi ina soketi yake. La kwangu la mtumba halikuwa na waya. Fundi akanitajia bei nikamwona mwizi (fundi samahani, utarudi kwenye hii stori), nikanunua hita mwenyewe, wati 400, nikaangalia video mbili, nikamwambia mke wangu hii kazi saa moja tu.

Ubavuni mwa bloku la injini kuna vizibo vya duara, vidogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa, vimeziba matundu yaliyobaki kiwandani walipotoa mchanga wa kusubia. Unang'oa kimoja, hita inakaa pale. Video ilisema mwaga kulanti kwanza, yaani hayo maji ya rejeta ya kupoza injini, na nikamwaga! Nilifungua rejeta chini nikasubiri mpaka tone la mwisho, nikajisifu kabisa. Kumbe rejeta inaweza kukauka na bloku bado lina akiba yake mle ndani, limetulia linanisubiri.

Sasa nipo garaji kwa shemeji, nimelala chali chini ya gari, kizibo kipo juu ya pua yangu kimejaa masizi. Tindo mkono wa kushoto, nyundo wa kulia. Shemeji kashika tochi, mkono wa pili sikuuona umeshika nini. Inatakiwa ugonge ukingo mmoja tu, kigeuke upande kama sahani kwenye kabati, halafu unakikamata na plaizi unavuta. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena. Shemeji akasema "taratibu shem." Hilo neno ndo lililoniponza, maana mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na chai, na mwanaume ukiambiwa taratibu mbele ya mkeo unafanyaje, nyundo ikaondoka kwa nguvu zote, ila tindo ilishateleza ikaja katikati. Klap. Kizibo hakikugeuka, kilizama ndani chote kama sarafu kwenye kibubu.

Nikabaki nalitazama tundu. Jeusi. Nusu sekunde hivi halikutoa kitu, linanitazama nami nalitazama, na nimeachama. Ndugu zangu kwanini niliachama. Ikaja, ya kijani, baridi ya kukata, ikapiga kidevu, ikajaa mdomo, ikaingia mkono wa sweta ikapita kwapani ikatafuta njia yake mpaka kiunoni. Na ni tamu! Hapo ndo aibu yenyewe ilipo, kwa sekunde moja ubongo wangu ulisema sharubati. Ile ni sumu, mbwa wanakufa kwa kuufuata huo utamu. Nikatema mpaka mate yakaisha. Mke wangu akapiga simu ya watu wa sumu, wakamuuliza kameza kiasi gani, akawajibu "ngojeni kwanza, bado anatema." Sikumeza. Mkisambaza sambazeni na hilo.

Ningeishia hapo ningebaki na heshima kidogo. Kinachofuata shemeji hakurekodi, alikuwa amekaa chini anacheka, nawaambia tu kwa sababu mama mkwe hayupo mtandaoni na anayemjua anyamaze. Kizibo kipo ndani, si ndio, nikasema sumaku. Ile ya kwenye friji yenye twiga wa mbao, mama mkwe alituletea kutoka Arusha. Nikamfunga uzi shingoni nikamshusha tunduni, na bloku lenyewe ni chuma, sumaku ikarukia ukuta tak! Mimi nikapiga kelele "nimekipata!" nikavuta. Akatoka twiga. Peke yake. Gundi imeachia, sumaku imebaki ndani na kizibo.

Jumatatu winchi, kwa fundi yule yule. Hakuongea. Akachomoa sumaku na koleo refu, akachomoa kizibo, akakifuta kwa kitambaa akaniwekea kiganjani. Kinang'aa njano. Shaba! Aliyekuwa na gari kabla yangu alishabadilisha akaweka cha shaba, na shaba hainaswi na sumaku hata ningevua mpaka Pasaka. Hita akaiweka kwa muda wa kunywa chai mbili, bei ile ile ya mwanzo, juu yake winchi, kulanti mpya na sweta.

Gari linawaka vizuri. Twiga amerudi kwenye friji, nimembandika kwa selotepu. Mama mkwe anakuja mwezi wa sita.