Kati ya 177 na 22, Ipi Ndogo?

Mimi ni mhasibu. Nalitaja mapema maana ndilo lililoniuma kuliko yote. Nakaa Birmingham, napanga hesabu za watu, na nukta ikikaa vibaya kwenye jedwali naiona nikiwa bado mlangoni.

Aliyeniingiza kwenye mambo ya shabaha ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ana klabu yake, kila Alhamisi jioni wanajipanga mstarini kulenga vikaratasi vilivyoko mita 10. Nilikwenda mara mbili, nikaazimwa bastola ya upepo, nikapata alama 8 mara mbili na 9 mara moja. Kichwa kikavimba. Nikasema sasa nanunua yangu.

"Sawa shemeji," akaniambia kwenye simu, "ila angalia kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu. Chukua ile ndogo. Usije ukadanganywa na ukubwa."

Hapa Uingereza bastola ya upepo haihitaji kibali, mradi nguvu yake isizidi futi-pauni 6. (Ukivuka kwenda Scotland ni habari nyingine, kule wanataka cheti.) Dukani muuzaji akaniomba kitambulisho ahakikishe nimefika miaka 18. Mimi, na mvi hizi! Nikakitoa huku natabasamu, siku ikawa imeanza vizuri.

Akaweka mezani mbili, zimefanana kama pacha. Ya kwanza ina kilebo: .177. Ya pili: .22. Hizo nukta za mbele zilikuwa ndogo kama kinyesi cha nzi, na Waingereza hawakuzitangulizia sifuri. Nikakumbuka usia wa shemeji. Ndogo. Kati ya 177 na 22, jamani, mnamsumbua nani? Nikaigusa ya 22 kwa kidole cha mtu anayejua anachotaka. Muuzaji akauliza kama nitahitaji na risasi. Nikamjibu risasi ninazo, shemeji kaninunulia kopo zima klabuni.

Alhamisi ikafika. Bastola yenyewe ni ya springi: unakunja mtutu mpaka ulie klik, unachomeka risasi kwa nyuma, unaurudisha, unalenga. Nikakunja, nikachomeka. Kirisasi kikaingia chenyewe, laini kabisa, hata kukisukuma sikukisukuma. Nikajisemea: hiki ndicho kitu kipya, si zile za kuazima zenye ubishi.

Pwaa! Nikavuta karatasi ije niione. Safi, haina hata mkwaruzo.

Nikazungusha skrubu ya kulengea kidogo kushoto. Pwaa! Hamna. Kulia. Hamna. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Hamna. Kwenye ya tisa nilianza kujipa moyo kwamba labda zote zinapita tundu moja, sema tundu lenyewe silioni. Kwenye ya kumi na mbili nikasoma Ayatul Kursiy.

Mzee wa Kiingereza anayesimamia mstari akanisogelea. Akasema huo mlio haujampendeza, pistoni inajigonga kama inapiga hewa tupu, nitaiua springi. Kisha akainama. Akainuka na risasi moja, akainama tena. Mkeka wa pale chini ni wa mpira, na kirisasi cha nusu gramu kikiudondokea hakisikiki. Akaziokota kandokando ya viatu vyangu moja moja, akazipanga juu ya meza: kumi na moja.

"Nimefyatua kumi na mbili," nikamwambia. Mhasibu ni mhasibu.

Shemeji akaichukua bastola, akaikunja, akadondosha risasi moja kwa nyuma. Ikatokea mbele: tup. Akaitazama lebo. Akanitazama. Akaitazama tena lebo.

"Shemeji, hizi ni inchi! Nukta mia na sabini na saba ndiyo milimita 4.5. Hii yako ni 5.5!"

Mstari mzima ukasimama kucheka. Mzee wa watu, kwa huruma, akanieleza kwamba mashindano ya mita 10 ni 4.5 tu. Kwa nguvu ile ile, risasi nyepesi inakwenda kasi na kunyooka, nzito inaanza kuinama kabla haijafika. Tena yenye kichwa bapa inatoboa karatasi duara safi, kama panchi ya ofisini. Huo mfano wa ofisi sijui aliutoa kwa nia njema au vipi.

Duka lilikubali kunibadilishia, nikaongeza pauni kadhaa. Safari hii nilitaja milimita, na nilitaja mara tatu.

Siku mbili baadaye mke wangu akaja sebuleni na kitu kwenye kiganja. Ile ya kumi na mbili. Ilikuwa kwenye pindo la suruali, kaikuta anapanga nguo za kufua. Kaka yake alishamsimulia kila kitu, na chumvi juu. Nikamwambia kwanza anawe mikono, hiyo ni risasi ya madini ya risasi. Akaenda akanawa, akarudi, akakaa mkabala nami.

"Baba Salma, ile hesabu ya kodi ya saluni yangu uliyoipeleka Januari, hebu ifungue tuione."

Nikaifungua. Tuko nayo mpaka sasa.