Kabla ya kuangalia meno, angalia ubavu

Nimewatazama watu wengi wakichagua matairi ya gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, na karibu wote huanza pale pale. Huinama, hupitisha kidole katikati ya meno, hupima kina, kisha husema, "Hili ni la kazi." Macho hayana pazia, na tairi lenye meno makubwa linavutia hata likiwa limeegemezwa ukutani. Nami nilichagua hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi meno nayaangalia mwisho. Naanza na ubavu.

Sababu yangu ni jioni moja kwenye njia ya mawe, gari limejaa mizigo. Sikusikia mlipuko wala mlio. Gari lilianza tu kulala upande wa nyuma kushoto. Nilichuchumaa na tochi nikaona mpasuko ubavuni, mrefu kama njiti ya kiberiti, kingo zake safi kana kwamba umepita wembe, na nyuzi za ndani zimechungulia nje. Meno yalikuwa mapya kabisa, hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado havijaisha pembeni. Pancha ya kwenye uso unaokanyaga ardhi unaiziba mwenyewe kwa utepe wa mpira na safari ikaendelea. Ubavuni hapazibiki hivyo, maana ndipo panapojikunja kila gurudumu linapozunguka, na nyuzi zikishakatika hazishikani tena. Tairi lile lilikuwa limekwisha.

Aliyeniuzia alisema ni la barabara zote, na kwa meno yake alikuwa sahihi. Lakini tairi lina mambo mengine limeandikwa mwilini, nami sikuyasoma. Chukua 265/70R17 115T. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. Ile 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. 17 ni inchi za rimu. Namba ambayo wengi huiruka ni 115, nayo ndiyo inayosema tairi moja linabeba kilo 1,215, na T ni mwendo wa mwisho, kilomita 190 kwa saa. Sasa tafuta tairi la kipimo hicho hicho lililoanza na herufi LT. Hili limejengwa kwa ajili ya magari ya mizigo, na mara nyingi utakuta limeandikwa 121, yaani kilo 1,450. Ukiyaweka mawili hayo sambamba na kuyabonyeza ubavuni kwa goti, hutahitaji kuelezwa zaidi.

Je, kila mtu anunue LT? Hapana, na hapa nawapinga wenzangu wanaoona kwamba gumu ndilo bora daima. Tairi la LT ni zito. Uzito huo unazungushwa na injini, unasimamishwa na breki, na shokapu zinaubeba katika kila shimo. Tena linataka upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo ule ule. Gari dogo lisilobeba kitu, linalopita vumbi mara mbili kwa mwezi, litakuwa linarukaruka bure na kuwachosha waliomo. Lakini ukipakia mahema, maji, mafuta ya akiba na watu watano, kisha ukaelekea kwenye mawe makali, ubavu mwembamba ni kamari.

Kuhusu meno nina moja tu la kusema. Kabla hujanunua, hesabu kwa unyofu umetembea wapi mwaka uliopita. Wengi wetu tunaishi juu ya lami. Matairi ya matope, yale yenye meno yaliyoachana mbali sana, huvuma kwenye lami mpaka mazungumzo ya ndani ya gari yanakuwa ya kupaaza sauti, na lami ikilowa hayashiki vizuri kwa sababu mpira unaogusa chini ni mchache. Tairi la barabara zote ni maridhiano. Chunguza kama juu ya kila jino kuna chale nyembamba zimechanjwa. Chale hizo ndizo zinazosaidia kushika lami yenye maji. Jino kubwa lisilo na chale linapendeza picha kuliko breki. Na kwa wanaoishi penye theluji, herufi M+S peke yake haitoshi. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwa kuwa hiyo hupatikana kwa kupimwa kwenye theluji.

Kisha kuna tamaa ya kuongeza ukubwa. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kama milimita 26. Gari linainuka nusu tu ya hapo, milimita 13, unene wa kidole. Kwa faida hiyo ndogo, spidomita ikionyesha kasi ile ile iliyokuwa 100 kwa matairi ya awali, sasa utakuwa unakwenda zaidi ya 103, injini inabeba mzigo zaidi, na ukikata kona huku gurudumu limezama shimoni huenda mpira ukasugua madigadi. Mimi nimebaki na kipimo cha kiwandani, na sijawahi kukwama kwa kukosa hizo milimita 13.

Nilichokosa mara nyingi ni akili ya upepo. Hili ningependa kila mwenye fowili alijaribu angalau mara moja. Ingia kwenye mchanga laini upepo wa matairi ukiwa PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo kwenye geji), utembee mita chache kisha ushuke uangalie nyuma. Utaona mfereji, kuta zake zinaporomoka. Sasa punguza hadi PSI 18, pita pembeni mwa njia ile ile. Alama itakuwa ya juu juu, na kila jino limejichora kama muhuri. Watu hudhani tairi limepanuka. Kilichoongezeka hasa ni urefu wa sehemu inayokanyaga, kwa hiyo uzito wa gari umetandazwa badala ya kuchimba. Tairi la kawaida lenye upepo uliopunguzwa litapita mahali ambapo tairi la bei kubwa lililojazwa pomoni linazama. Ila ukipunguza, nenda polepole na usikate kona kwa nguvu, mpira usije ukachomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza kwanza. Tairi lenye upepo mdogo kwa mwendo wa kasi hupata joto kutoka ndani, na joto hilo ndilo linalolipasua. Kwa hiyo bajeti ya matairi bila geji na pampu ndogo ya upepo ndani ya gari mimi naihesabu pungufu.

Siku ya kununua, mwombe fundi azungushe kila tairi mpaka muone tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na tairi likishafungwa tarehe inaweza kuwa imetazama ndani. Nunua matano, si manne, hasa kama gari lako linasukuma magurudumu yote wakati wote, kwa sababu tairi la akiba la kipimo tofauti huilazimisha difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi bila kupumzika. Langu la tano lilining'inia chini ya gari bila kuguswa tangu gari lilipokuwa la mtu mwingine. Jioni ile ya mawe nililishusha, nikapangusa tope kwa kiganja, na nyufa zilikuwa zimelizunguka ubavu mzima.